Goli moja, kelele tatu: tele inafika ku nyumba namna gani, na juu ya nini banatuuzishia buke

Tarehe 2 mwezi wa pili 2024, saa ine ya usiku ya Lubumbashi, Léopards, timu ya inchi yetu Congo, balikuwa banacheza na Guinea kule Abidjan, robo fainali ya CAN. Dakika ya 82, tuko 2-1, Masuaku anasimama pa frikiki. Siye tulikuwa mu lupango pa Katuba, tele iko inje juu ya meza, bantu kama makumi mbili, bengine juu ya mabido, bengine juu ya viti ya plastiki. Masuaku hajagusa mupira bado, tunasikia kelele ku nganda ya avenyi ya pili: goooli! Bantu bote banageuka. Kisha ku tele yetu Masuaku anapiga, mupira unaingia, na siye pia tunaruka. Tumemaliza kukumbatiana, tumeikala tena, njo mutoto wa jirani mwenye alikuwa anafwata ku telefone anatoka mbio mu nyumba yabo, goli, goli! Tukamwambia we mutoto, ile goli imeshazeeka.

Mechi ni moja, uwanja ni moja, sasa juu ya nini goli ilifika mara tatu? Ile usiku bamoja balisema nganda iko na dekoderi ya mupya. Bengine balisema operateri anachelewesha kwa kusudi bantu benye banalipa formule ya chini. Hapana, hakuna mwenye anakuchelewesha juu ya formule yako. Njia yenye ile picha inapita njo haiko moja, na kama unaelewa ile njia unaelewa pia karibu kila kitu juu ya ile pesa unatoa kila mwezi.

Tangu mwezi wa tisa 2025 maswali imeongezeka, juu ile mwezi Canal+ ya Ufaransa ilikamata MultiChoice, kampuni ya Afrika Kusini yenye iko na DStv. Yaya yangu wa Kamalondo iko na dekoderi mbili juu ya kabati, ya Canal+ na ya DStv, na muntu moja pa njia alimwambia sasa ni kitu kimoja, utupe moja, ile ingine itafungua yote. Akaniita mbele ya kutupa. Nilikuwa ninafikiri nitamujibu mu dakika mbili, lakini kila jibu lilileta swali ingine, na ile yenye nilimuelezea ile siku njo naandika hapa.

Tuanze na majina, juu tunayachanganya. Shene ni ule mwenye anatengeneza ao ananunua programu na anazipanga kwa saa: habari, mupira, novela, katuni. Operateri ni ule mwenye anakusanya mashene, mingi ni ya bantu bengine, na anakuletea ku nyumba. Buke, ao formule, ni fungu ya mashene yenye anauzisha pamoja kwa bei moja ya mwezi. Parabole ni ile sahani ya chuma juu ya nyumba, tete ni kale kakitu kadogo mbele yake kenye kanapokea mawimbi, na dekoderi ni sanduku yenye inafungua ile yenye ilikuja na kuigeuza picha. Kable ni waya tu. Ku inchi mingi waya njo inaleta tele ku nyumba, na biashara yote ya mabuke ilizaliwa mu ile waya, njo maana nitapita kule kwanza hata kama hapa kwetu Lubumbashi karibu bote tuko na parabole.

Ona vile unga inafika. Mahindi inalimwa Zambia, inasagwa, kamio inapita Kasumbalesa, duane inachukua yake, unga inaingia mu depo, na mama wa soko ya Kenya (komine yetu, hapana inchi) anakupimia meka. Ule mama hakulima, lakini mu bei ya meka yake kuko mulimaji, kuko kamio, kuko duane, kuko na mahali pake pa soko. Operateri iko sawa ule mama. Kintu moja tu inamutenganisha naye, na ushike hii juu nitairudilia: meka yenye nimepika bukari haibakie kwa mwingine, lakini shene yenye mi naangalia haipunguke hata kidogo kwa jirani.

Sasa waya. Mwaka 1948, kule Marekani, mu jimbo ya Pennsylvania, kulikuwa muntu anaitwa John Walson, alikuwa anauzisha matele mu kamuji kanaitwa Mahanoy City. Kamuji kako kati ya milima, na mawimbi ya tele ya Philadelphia yanagonga mulima, hayashuke chini. Matele inabakia mu magazini, nani atanunua tele yenye haionyeshi kitu? Banaeleza kama alipandisha antene juu ya mulima, akavuta waya mpaka ku magazini, na mu njia akaunganisha manyumba. Mwaka ule ule, mbali sana na kule, Ed Parsons wa muji ya Astoria, jimbo ya Oregon, alifanya paka vile, naye alikuwa anatafuta kuona picha za Seattle. Bantu balikuwa banalipa kwa mwezi, lakini hapa uangalie muzuri: hawakuwa banalipa shene. Mashene ilikuwa ya bure mu hewa. Balikuwa banalipa antene ya pamoja na waya, kubebewa tu.

Kulipa shene yenyewe kulikuja nyuma. Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 1972, mu ile ile Pennsylvania, muji ya Wilkes-Barre, HBO ilianza: bantu benye balikuwa tayari na kable banaongeza pesa juu ya shene moja, filme na michezo, bila matangazo. Ilikuwa kadogo. Yenye iliibadilisha ni Muhammad Ali, na hapa siye Wakongomani tuko karibu ya hadisi. Bakubwa banakumbuka Ali na Foreman kule Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, balipigana saa kumi ya usiku juu Marekani baone mu saa yabo ya mangaribi. Ile ya Kinshasa ilienda kwa satelite mpaka mu masali ya sinema ya Marekani, bantu balitoka ku nyumba, balilipa tiketi, baliikala pamoja. Mwaka moja kisha, Ali na Frazier kule Manila, HBO ilishusha ile mechi kutoka ku satelite na kuiingiza mu waya za kable, na muntu aliona akiwa ku kiti yake. Toka ile siku, shene moja inaweza kupanda juu mara moja na kushukia ku makampuni yote ya kable ya inchi muzima. ESPN ilianza 1979, CNN 1980, na ingine mingi nyuma yabo. Operateri mwenye alikuwa na mashene tatu ao ine akajikuta na makumi. Mbele swali yake ilikuwa nitavuta waya mpaka wapi, sasa ikawa nitauzisha hii yote namna gani.

Namna ile waya inafanya kazi, fikiria Regideso. Kuko mahali pamoja kwenye maji inakusanywa na kusafishwa, kisha bomba munene, kisha bomba ya avenyi, kisha robine yako. Kampuni ya kable nayo iko na nyumba yake ya kichwa, na maparabole makubwa inje, kule mashene yote yanashukia, yanakazwa yaikale padogo, yanafungwa na ufunguo, na yanaingia mu fibra (waya nyembamba ya kyoo yenye inabeba mwangaza) mpaka ku kartie. Ku kartie fibra inaachia ile waya nyeusi ya mviringo yenye shaba katikati, na kila mahali nguvu inapungua banaweka mashine ya kuisukuma tena. Mu ile waya moja mashene yote yanapita pamoja, kwa saa moja, kila moja ku mawimbi yake, sawa redio zenye ziko zote mu hewa ya Lubumbashi na we unageuza kifungo tu.

Kukaza, ile pia ni neno ya kueleza. Zamani shene moja ilikuwa inakula nafasi yote ya mawimbi yake. Wakati ilikuwa nimeriki (picha inageuzwa manamba), mu ile nafasi ya moja baliweza kupanga kumi ya picha ya kawaida. Mashine inaangalia picha mbili zenye zinafwatana, na inatuma paka yenye imebadilika. Muntu wa habari anaikala, ukuta nyuma yake haisonge, midomo tu njo inasonga, basi inatuma midomo. Lakini mupira, bantu makumi mbili na mbili banakimbia, bafwasi bapiga bendera, kamera inageuka, kila kintu imebadilika, inakomba nafasi mingi. Uangalie siku ingine: kama operateri amebana sana, majani ya uwanja inakuwa sawa supu wakati kamera inakimbia, na ule wa habari iko safi.

Basi juu ya nini hapa hawakuvuta waya? Juu waya inalipwa avenyi kwa avenyi, poto kwa poto, na inchi yetu iko na zaidi ya milioni 2.3 ya kilometre karé. Satelite iko kilometre karibu 36,000 juu ya ekweta, inazunguka pamoja na dunia njo maana unaona sawa imesimama, na maparabole yote yanaiangalia bila kusonga. Ikitupa mawimbi yake, Lubumbashi inapata, Kamina inapata, na kijiji nyuma ya Kasenga kwenye hakuna hata barabara ya muzuri inapata, kwa pesa ile ile. Kazi ya nyumba ya kichwa iko paka ile ile, bamebadilisha tu waya na hewa.

Satelite ni mvua, inanyesha juu ya manyumba yote mara moja, na nyumba moja ao milioni moja hakuna tofauti kwa mawingu. Intaneti ni bido ya maji: kila nyumba yenye inataka, muntu anabeba bido yake peke yake mpaka pa mulango. Ile mutoto wa jirani na telefone yake, picha yake ilikuwa inabebwa kwa bido. Banakata mechi vipande vya segonde kidogo kidogo, telefone inaweka vipande kadhaa pembeni mbele ya kuonyesha, juu reseau ikipotea kidogo picha isisimame, na ile akiba njo ilimukulia nusu dakika ao zaidi. Kwa satelite, kupanda na kushuka ni kama kilometre 72,000, na mawimbi yanaenda 300,000 kwa segonde, kwa hiyo ile safari peke yake ni robo ya segonde. Kuchelewa kwingine kunatoka mu mafasi yenye picha inasimama: kamio ya uwanja kule Abidjan, studio ya shene kwenye banaweka sauti ya mutangazaji, nyumba ya kichwa kwenye banakaza na kufunga, dekoderi yenyewe kwenye inafunguka. Nganda ilikuwa na operateri mwingine, njia yake iko na mafasi kidogo ya kusimama kuliko yetu, basi ilitupita.

Mu lupango yetu tulikuwa na kable yetu ya siye benyewe bila kujua kama ni kable. Manyumba ine, dekoderi moja. Teknisie mumoja alitoa waya nyuma ya dekoderi, akaigawanya na kakichwa ka chuma ka matundu ine, akaipitisha juu ya madirisha, na matele ine yakawaka. Furaha ilidumu siku mbili. Juu dekoderi inafungua shene moja kwa saa, ile yenye mwenye telekomande amechagua, na ile moja njo inapita mu waya. Saa moja ya mangaribi mama wa nyumba ya kwanza anaweka novela, manyumba tatu ya bababa banaona novela. Balikuwa banamutuma mutoto kupiga hodi, mama tafazali dakika tano tu, na mama anasema mungoje amwambie kama anamupenda kwanza. Mu kable ya kweli kila nyumba iko na sanduku yake, mashene yote yanafika mpaka ndani, na we unachagua. Tena mukataba wa abonema ni wa nyumba moja, ile yetu haikuwa ndani ya mukataba, nasema vile ilikuwa.

Hapa tunafika pa kitu chenye naona bantu bengi habaambiwe. Mashene yote ya operateri, ile ya formule ya chini na ile ya formule ya bakubwa, yanafika mu tete yako sasa hivi, hata kama abonema yako iliisha mwezi uliopita. Yananyesha juu ya nyumba yako muchana na usiku. Yamefungwa tu. Dekoderi, ao kale kakarte ndani yake, iko na namba yake peke yake mu dunia, na ile yenye unalipa ni ruhusa ya kufungua. Ufunguo wa kila shene unabadilika kila segonde kadogo, unatembea mu mawimbi pamoja na picha, lakini nao umefungwa, na dekoderi inaweza kuusoma paka ikiwa imeshapata ruhusa.

Na ruhusa inafika namna gani? Hapa mi mwenyewe niliteseka. Siku moja nililipa ku operateri moja, mesaji ya telefone inasema asante, umelipa, na mi nilikuwa nimezima dekoderi juu koranti ilikuwa inaenda na kurudi. Mangaribi nawasha: shene imefungwa. Natelefona, nakasirika, nasema banakula pesa ya bantu. Kijana wa pa gishe akaniambia bila haraka, papa, wacha dekoderi inawaka ku shene ya habari, usiizime, ngojea. Niliikala mbele ya ile maandishi ya bluu mu kyoo cheusi, kataa kekundu ka dekoderi kanawaka, mutoto anauliza kila dakika, na kama dakika makumi mbili picha ikatoka peke yake. Sababu ni hii: parabole inapokea tu, haitume. Operateri hajui kama sanduku yako inawaka ao imezimwa. Anatupa mu hewa mesaji yenye inasema namba fulani afungue formule fulani, anairudilia mara mingi mu masaa ya kwanza, kisha anapunguza juu kuko bengine wa kutumia. Kama umezima ao delestaji imekukamata, ile mesaji inapita juu ya nyumba yako na hakuna wa kuisikia. Sasa kama koranti inarudi na ulilipa muchana, uwombe bairudilie tena, hautalipa mara ya pili.

Sasa buke. Kila muntu ananiuliza: mi naangalia mashene tano, juu ya nini banilipishe mia? Nitajibu na hesabu ya mufano, bei nimebuni, ni juu ya kuona. Kuko nyumba mbili. Papa anapenda mupira, kwa shene ya mupira anaweza kutoa dola 12, kwa novela dola 2. Mama wa nyumba ya pili anaweza kutoa dola 10 kwa novela na dola 3 kwa mupira, juu batoto bake. Operateri akiuzisha moja moja, mupira 12 na novela 10, papa ananunua mupira, mama ananunua novela, anapata 22, na kila nyumba iko na shene moja. Akifunga zote mbili pamoja kwa dola 13, papa anaona ziko na bei ya 14 kwake, ananunua, mama anaona 13, ananunua. Operateri amepata 26 na kila nyumba iko na shene mbili. Na kumupelekea papa novela hakukumukulia hata franka moja, juu, urudi ku ile meka, shene haipunguke. Ule mama wa soko hawezi kufanya vile na unga. Ni ile tu njo inazaa buke, kila mahali ku dunia, ya waya ao ya parabole.

Na inauma wapi? Inauma kwa ule mwenye anapenda kintu moja tu, na iko na pesa kidogo. Nyumba yenye ingetoa dola 5 kwa novela na hapana kintu ingine, kwa ile buke ya 13 inabakia inje kabisa. Juu yabo njo kuko formule ya chini, ya kati na ya juu. Naona ile ngazi haikupangwa juu ya mashene ngapi tunahitaji, ilipangwa juu ya kintu gani itatusukuma tupande. Mupira mukubwa wanaupandisha juu, juu wanajua papa atapanda. Katuni na habari zinaikala chini, juu zinaleta nyumba ndani. Hii naisema kama muntu mwenye analipa: hesabu yao iko na akili, lakini mama wa Ruashi mwenye alipanda formule juu ya mechi moja ya Mazembe na hakuiona alipaswa kuambiwa mbele ya kutoa pesa kama ile mechi haiko kwa hii operateri hata ku formule ya juu kabisa.

Na ile mechi inakosekana juu ya nini? Juu ya haki. Mwenye mashindano anauzisha ruhusa ya kuonyesha, inchi kwa inchi, luga kwa luga, kwa miaka fulani. Shene inanunua ile ruhusa. Kisha operateri anapatana na shene: kwa kila abone nitakupa kiasi fulani kwa mwezi. Mashene ya mupira njo yanaomba mingi kupita yote. Ingine haiombe kitu, na kuko hata yenye inalipa operateri juu iwekwe ndani, mingi ni ya maombi na ya kuuzisha vitu. Njo maana namba kubwa ku affiche isikushtue, mu ile mia na kitu kuko zenye operateri hakulipia kitu, na wakati ingine maredio nayo yanahesabiwa. Shene yako ikipotea ku tarehe moja ya mwezi, mara mingi hakuna mwenye alikuzimia, ule mukataba kati ya bale babili uliisha na habakuelewana bei.

Haki za inchi kwa inchi zinaleta ile mambo ya Kasumbalesa. Muntu ananunua dekoderi upande wa Zambia, anaileta hapa, inakamata muzuri, kisha siku moja mechi imefungwa. Mawimbi hayajui baryeri, yanaanguka pande zote mbili. Mukataba njo unajua baryeri, na ile namba ya dekoderi iliandikwa Zambia, inapata yenye ililipiwa Zambia.

Tena maneno ya mvua. Toka mwezi wa kumi na moja, mvua ikianza kupiga Lubumbashi, nasikia kila mwaka kama operateri banakata juu ya kukinga mashine zabo. Habakate. Mawimbi yenye maparabole madogo yanatumia yako mafupi sana, matone ya maji yanayakula mu njia. Na nimeriki haina kati kati: zamani antene ikikosa nguvu unaona picha na chumvi chumvi, lakini unafwata. Nimeriki inavumilia, inavumilia, picha iko safi, kisha mara moja inavunjika miraba miraba na kuzima. Parabole kubwa kidogo inasaidia, juu inakusanya mawimbi mingi. Kuongeza mashene, hapana, ile haifanye, na muntu mwenye anakuuzishia parabole ya metre moja na makumi mbili kwa kukuahidi mashene ya bure ya operateri, umuulize ufunguo utatoka wapi. Kama ile yako inasumbua hata jua inawaka, angalia kwanza kama tete imegeuka ao kama maji imeingia mu waya pale inaingia ku tete, kapande ka mpira na skoshi kanatosha.

Narudi kwa yaya. Mahakama ya Afrika Kusini yenye inalinda ushindani wa biashara iliruhusu ile kununua tarehe 23 mwezi wa saba 2025, na tarehe 22 mwezi wa tisa Canal+ ikaanza kuongoza. Sawa, kampuni imebadilisha mwenyewe. Lakini dekoderi mbili ziko na kufuli mbili tofauti, ya DStv inatoka kwa Irdeto, kampuni yenye inatengeneza zile kufuli, maparabole yanaangalia upande tofauti mu mbingu, na kila haki ya kila mashindano iko na mukataba wake na tarehe yake ya kuisha. Kununua kampuni siku moja hakufungui kufuli ya nyumba ya Kamalondo. Mashene yanaweza kupita kutoka upande moja kwenda ule mwingine, mukataba kwa mukataba, na ikifanyika operateri atatangaza yeye mwenyewe, hatamutuma muntu wa pa njia.

Aliniuliza sasa nilipe gani. Nikamuuliza mwezi uliopita aliangalia nini. Akahesabu na vidole: novela ya mangaribi, habari, katuni ya bajukuu, na Léopards wakati banacheza. Tukachukua makaratasi ya formule zote mbili, tukaikala pa meza na bike nyekundu, tukatafuta ile vitu ine tu, bila kuangalia namba kubwa ya juu. Tatu zilikuwa chini kabisa ku dekoderi moja. Ile ya ine anaifwata kwetu Katuba, inje, na bantu makumi mbili, nyuma ya nganda na mbele ya mutoto wa jirani. Dekoderi ya pili hakuitupa, iko palepale juu ya kabati, amefunika na kitambaa.